Kigego, Pengo na Jino la Ziada: Hukumu ya Meno katika Historia ya Lugha Zetu

Timau ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Upande wa mashariki yako makazi ya Waimenti, ambao ni tawi mojawapo la Wameru. Upande wa kaskazini-magharibi iko nchi ya Mukogodo, ambayo wenyeji wake waliacha lugha yao ya Kiyaaku katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakashika Kimaasai. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya ardhi ya Timau ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, waliolima ngano na kufuga kondoo, na vibarua wao walitoka pande nyingi za nchi. Leo mashamba ya maua yamevuta vibarua wengine. Mahali kama hapo Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wengi. Kilikuwa lugha ya shamba, ya soko na ya zahanati. Hiyo ndiyo sababu Timau pafaa kuwa mahali pa kuanzia uchunguzi wa jambo ambalo kwa kawaida huachiwa madaktari peke yao, yaani meno yaliyozidi na meno yaliyokosekana. Mtoto akionekana ana jino lisilotarajiwa, au hana jino lililotarajiwa, lugha zinazokutana hapo zina hukumu mbalimbali juu yake, na si zote zilizokuwa za huruma.

Yafaa kuanza na neno la Kiswahili chenyewe. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Wengine humwita hivyo pia mtoto aliyezaliwa na jino tayari kinywani, na kwa kupanuka kwa maana, mtu yeyote adhaniwaye kuwa na nuksi. Neno hili si la juzi. Limo katika kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na wanaleksikografia waliofuata wamelipokea. Msomaji akizipitia kamusi hizo ataona kwamba maelezo ya neno hayakomi kwenye meno. Aghalabu huongezwa kwamba mtoto huyo alidhaniwa kuleta mkosi, au kwamba zamani aliuawa. Maneno ya aina hiyo ni machache katika lugha yoyote: maana yake ya kamusi ina ndani yake adhabu.

Kwa sura yake neno lina mzizi -gego. Katika Kiswahili gego ni jino la nyuma, lile pana la kusagia. Lakini katika Kigikuyu, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kimeru na Kiembu, igego ni jino lolote, la mbele na la nyuma. Hili linastahili kuangaliwa, kwa kuwa kigego wa Kiswahili hakuhukumiwa kwa magego yake. Mtoto wa miezi minane hana gego hata moja. Alihukumiwa kwa meno ya mbele. Huenda basi neno kigego limehifadhi matumizi mapana ya mzizi huo, yale yale yanayosikika hadi leo bara, ilhali gego lenyewe pwani limebaki na maana finyu. Msemaji wa Kigikuyu au wa Kiembu alisikiapo neno hili kwa mara ya kwanza, bila shaka hulielewa nusu yake bila ya kufundishwa.

Nusu ya pili ni kiambishi ki-. Waandishi wa sarufi wameeleza mara nyingi kwamba ngeli hii huwakusanya watu wenye upungufu wa mwili: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, na katika mlango huu wa meno, kibogoyo, yaani mtu asiye na meno. Ni kweli kwamba kiongozi na kinyozi wamo pia katika ngeli hiyo, na wala hakuna aibu juu yao; kwa hiyo isidhaniwe kwamba ki- peke yake ni tusi. Hata hivyo ulinganifu mmoja kutoka Uganda hauwezi kupuuzwa. Katika lugha za magharibi ya nchi hiyo, kama vile Kinyankole, jino ni eriino na meno ni amaino. Lakini yako meno mengine yaitwayo ebiino, na hayo ni meno mabaya, yanayosemekana kumwua mtoto mchanga. Mzizi ni ule ule wa jino la kawaida. Kilichobadilika ni ngeli tu. Pwani ya Bahari ya Hindi na nyanda za Ankole ziko mbali sana, na bado lugha hizi zimetumia njia moja kulitoa jino katika jamaa ya meno na kulitia katika jamaa ya vitisho.

Tofauti moja ibaki akilini. Kigego ni mtu; ebiino ni meno yenyewe. Penye hukumu juu ya mtu, mtu ndiye aliyeondolewa. Penye hukumu juu ya jino, jino ndilo linalong'olewa. Pamoja na hayo Kiswahili, kwa upatanisho wake wa kisarufi, kiliendelea kumhesabu kigego katika watu: husemwa kigego huyu alizaliwa, wala si kigego hiki kilizaliwa. Sarufi haikuthubutu kumfanyia yale ambayo ukoo wake ulithubutu.

Ushahidi wa jinsi hukumu hiyo ilivyotekelezwa umo katika maandishi ya wasafiri. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke na kutoa kitabu chake mwaka 1860, aliandika habari za mtoto wa Kizaramo aliyetangulia kuota meno mawili ya juu. Kwa maelezo yake mtoto huyo aliuawa, au alitolewa, au aliuzwa kwa mfanyabiashara wa watumwa, kwa kuogopa kwamba angeleta maradhi na vifo nyumbani. Waswahili, asema, walimwua. Waarabu wa Unguja walikuwa na hofu hiyo hiyo, lakini walisoma hitima kisha wakamwapisha mtoto kwamba hatawadhuru watu wa nyumba. Na kama hajajua kusema, aliitikia kwa kichwa. Burton hakuwa shahidi wa kuaminiwa katika kila jambo, hasa alipowataja Waafrika. Dharau yake imeenea kitabu kizima. Lakini habari hii haisimami peke yake. David Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alikuwa ametaja desturi kama hiyo kusini kabisa, katika nchi ambayo leo ni Botswana, akataja na neno la wenyeji la kuonyesha kwamba mtoto wa namna hiyo amevuka mpaka. Watu wawili, katika nchi mbili zilizo mbali, na jambo moja.

Njia ya kati, ile ya kumwuza, yahitaji kusimamiwa kidogo. Mwaka 1857 soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Halikufungwa hadi mwaka 1873. Mzazi ambaye hakuwa na moyo wa kuua alikuwa na mlango mwingine, na mlango huo ulimwelekea mtu wa misafara. Mtoto mmoja akatolewa ukoo wake si kwa deni, wala kwa vita, wala kwa njaa, bali kwa sababu ufizi wa juu ulipasuka mapema kuliko wa chini. Alikokwenda hapakuwa na aliyemjua kuwa kigego. Nuksi yake ilibaki kwao, yeye akawa bei. Wanahistoria wa utumwa wameandika mengi juu ya vita na madeni. Sababu hii ndogo, ya kinywani, haikutajwa sana, pengine kwa kuwa chanzo chake ni aibu ya nyumbani, na aibu ya nyumbani haiandikwi katika daftari la forodha.

Lisifanywe kuwa jambo la Afrika peke yake. Burton mwenyewe aliwakumbusha wasomaji wake kwamba Ulaya nako mtoto azaliwaye na meno hakutazamwa kwa jicho jema. Shakespeare alimfanya mfalme Richard wa Tatu azaliwe na meno, ili mtazamaji amchukie tangu tumboni mwa mama. Kwa upande mwingine, Louis wa 14 wa Ufaransa alizaliwa mwaka 1638 na meno mawili, na hilo halikumzuia kuitwa zawadi ya Mungu. Warumi nao walikuwa na jemadari Manius Curius, aliyepewa jina la Dentatus, yaani mwenye meno, kwa sababu hiyo hiyo, naye alikufa na heshima zake. Jino ni lile lile. Aliyelizaa na aliyelitazama ndio waliotofautiana.

Wameru wenyewe wana mfano unaofundisha jambo hili, ijapokuwa si wa meno. Bernardo Bernardi, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, aliandika kwamba nguvu ya baraka ya Mugwe wa Imenti ilikuwa katika mkono wake wa kushoto, na kwamba mkono huo ulifichwa usionekane na watu. Mkono wa kushoto wa mtu wa kawaida hauna heshima hiyo, wala haumsalimu mgeni. Jambo lililo nje ya utaratibu lilipowekwa kwa Mugwe likawa utakatifu. Hali isiyo ya kawaida haina maana yake yenyewe, hungoja kupewa.

Ama kuhusu mapengo, Timau iko karibu na watu walioyapa maana iliyo kinyume kabisa na ile ya kigego. Kwa Wamaasai kung'oa meno mawili ya chini ya mbele ni desturi ya zamani, na pengo hilo lilikuwa alama ya kuwa mtu ni wao. Sababu inayotajwa mara nyingi ni pepopunda: taya zikifunga, mgonjwa aweza kunyweshwa maziwa au dawa kupitia pengo. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini. Pwani nako mwanya, ule uwazi kati ya meno mawili ya juu, ni urembo unaosifiwa, na hakuna anayeuita pengo. Kwa hiyo katika soko moja watu watatu waweza kuwa na uwazi mbele ya kinywa. Mmoja ameupata kwa mila, mmoja kwa maumbile, wa tatu kwa ugomvi au kwa kuoza. Kiswahili huwaambia wote kwamba wana pengo. Neno hilo hueleza kilichopo, halielezi kilichotokea.

Hapa ndipo elimu ya siku hizi inapofaa kuingia. Meno huanza kuumbika mtoto angali tumboni, yapata wiki ya sita ya mimba, kutokana na utepe mwembamba wa tishu unaopita kwenye taya na kutoa vichipukizi. Vichipukizi vya kwanza huleta meno 20 ya utoto. Vya baadaye huleta meno 32 ya utu uzima. Kwa kawaida meno mawili ya chini ya mbele hutangulia, karibu na mwezi wa sita baada ya kuzaliwa, na ya juu hufuata baada ya miezi michache. Lakini ratiba hiyo ni ya wastani tu. Mtoto ambaye ya juu yametangulia hana ugonjwa wala upungufu. Hesabu ya meno yake ni kamili, ila zamu imebadilika. Yeye aliyeuawa zamani kwa jina la kigego hakuwa hata na ila ya kuandikwa katika vitabu vya madaktari.

Mtoto azaliwaye na jino ni habari nyingine, nayo ni adimu: takriban mmoja katika watoto elfu mbili au tatu. Katika wengi wao jino hilo si la ziada. Ni jino la utoto la kawaida lililowahi kutoka, aghalabu la mbele chini. Mkunga anayelinyofoa kwa kudhani kwamba mahali pake patajazwa na lingine, humwachia mtoto pengo hadi umri wa miaka sita au saba. Liking'olewa, na liwe limelegea kiasi cha kuhofiwa kwamba mtoto atalivuta pumzini, au linamjeruhi ulimi au titi la mama; kwa hofu ya nuksi, hapana.

Jino la ziada lenyewe hutokea pale utepe ule unapotoa kichipukizi kimoja zaidi. Mahali pake pa mazoea ni katikati ya meno mawili ya mbele ya juu, nalo huwa dogo, lenye ncha kama pia. Mara nyingine halitoki kabisa. Hujificha ndani ya mfupa na kuyazuia meno halali yasishuke, na mzazi huona tu kwamba mtoto wa miaka tisa hajaota meno ya mbele. Kinyume chake ni kichipukizi kutotokea. Gego la mwisho ndilo linalokosekana zaidi. Baada yake, gego dogo la pili na jino la mbele la pembeni juu. Ziko koo ambamo hali hizi hurithiwa. Mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba kasoro katika jeni iitwayo MSX1 huwakosesha watu wa ukoo mmoja meno yale yale, na mwaka 2000 likaonyeshwa jambo kama hilo katika jeni ya PAX9. Katika Afrika ya Kusini, ukoo mmoja wa Cape Town uliotokana na babu wa Kichina ulielezwa mwaka 1951: wengi wao walikuwa na hali ya kurithiwa ambayo hulegeza mifupa ya bega na kujaza meno ya ziada kinywani. Wazee waliosema kwamba jambo la meno limo katika damu hawakukosea kuona. Walikosea katika kuhukumu.

Desturi ya kumwua kigego imepita, lakini isidhaniwe kwamba hofu ya meno ya mtoto mchanga imepita nayo. Imebadili mahali. Katika Tanzania ya miaka ya 1980 yalienea maneno juu ya meno ya nailoni, na sehemu nyingine huitwa meno ya plastiki. Mtoto wa miezi mitano hivi akishikwa na homa, kuhara au kutapika, ufizi wake hutazamwa. Pale panapovimba kwa ajili ya chonge linaloumbika ndani, husemwa kwamba pana jino bovu au mdudu. Kisha kichipukizi hicho huchokolewa kwa kisu, kwa msumari au kwa njiti ya baisikeli. Kinachotoka ni laini na cheupe, kwa kuwa hakijakomaa. Kwa hiyo mzazi aliyeonyeshwa huamini kwamba ameona nailoni kwa macho yake. Ushahidi huo wa macho ndio uliowashinda wahubiri wa afya. Ni vigumu kumwambia mama kwamba alichokiona hakikuwapo. Lililo rahisi zaidi, na la kweli zaidi, ni kumwambia kwamba alichokiona kilikuwa jino zuri ambalo siku zake hazijatimia.

Kwa Kenya, Hassanali na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha mwaka 1995 uchunguzi uliofanywa kati ya Wamaasai wa mashambani mwaka 1991 na 1992. Katika watoto 95 wa umri wa miezi sita hadi miaka miwili, asilimia 87 walikuwa wametolewa kichipukizi kimoja au zaidi cha chonge. Katika watoto 111 wa miaka mitatu hadi saba, asilimia 72 hawakuwa na chonge za utoto za juu au za chini. Tarakimu hizi si za Timau, wala si halali kuzihamishia huko. Lakini zinaonyesha ukubwa wa jambo ambalo mhudumu wa afya katika mji wenye watu wa asili nyingi hana budi kulijua anapofungua kinywa cha mtoto.

Madhara yake ni mawili. La kwanza ni la papo hapo: damu, uchafu wa chombo, pepopunda, na kuhara kule kule kunakoendelea bila ya kutibiwa kwa maji ya chumvi na sukari. La pili huchelewa. Kichipukizi cha jino la utu uzima kiko karibu na kile cha utoto, na chombo cha mchokozi hakichagui. Chonge la kudumu hutoka mtoto akiwa na umri wa miaka kumi hadi kumi na mbili. Huenda likaja limepinda, au lina shimo, au lisije kabisa. Wakati huo aliyelichokoa amekwisha kusahauliwa, na pengo linaonekana kama la kuzaliwa nalo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, inamkinga mtoto na mila zenye kudhuru, na jambo hili kwa maana yake limo humo. Lakini sheria hutegemea mtu aseme kilichotokea, na ili aseme sharti awe na maneno ya kukisema.

Maneno hayo bado hayajapangwa ipasavyo katika Kiswahili. Kigego hakifai kazi hiyo. Libaki katika kamusi, nalo lipewe alama ya kuonyesha kwamba ni la kale na kwamba jambo lake lilikuwa imani. Kulifuta kungekuwa kuwafuta waliouawa kwalo. Kulitumia katika zahanati kuwa istilahi ya kitaalamu, kama inavyoshawishi kwa kuwa ni fupi na limekwisha kuwapo, kungekuwa kumrudishia mtoto hukumu ile kwa wino wa serikali. Kwa mtoto ambaye meno ya juu yametangulia halihitajiki jina lolote. Kwa jino lililozidi, jino la ziada latosha, na watu hulielewa bila ya kufasiriwa. Ugumu uko upande wa yaliyokosekana, kwa kuwa hapo pana mambo matatu yanayofanana kwa macho: jino lisiloumbika, jino lililoumbika likakwama ndani ya taya, na jino lililoondolewa na mkono wa mtu. La kwanza laweza kuitwa hivyo hivyo, jino lisiloumbika; la pili, jino lisilochomoza; la tatu, jino lililochokolewa, kwa kuwa kung'oa ni kwa jino lililokwisha kutoka, na kuchokoa ndicho kitendo chenyewe. Mawili ya kwanza hutenganishwa kwa picha ya eksirei. La tatu hutenganishwa kwa kumwuliza mama, na mama hatajibu swali lililoanza kwa neno la kumtuhumu.